Kutangulia Si Kufika: Namna ya Kutabiri Pambano la Marudiano

Kila inapotangazwa kwamba mabondia wawili waliokwisha kupimana nguvu watapanda tena ulingoni, mashabiki hugawanyika mapande mawili kabla kengele haijalia: upande mmoja husema aliyeshinda jana atashinda na kesho, kwa kuwa siri ya hasimu wake anayo mkononi; na upande wa pili huapa kwamba aliyeshindwa amekwisha kujifunza, na kwamba mtu aliyeumia akapona ni wa kuogopwa kuliko yule ambaye hajaonja uchungu. Pande zote mbili zina sehemu ya haki, na kwa sababu hiyo mabishano yao hayaishi. Makala haya yanakusudia kuyatafutia mizani. Pambano la kwanza baina ya watu wasiojuana ni fumbo, na anayelitabiri hubahatisha. Lakini pambano la marudiano lina shahidi, nalo ni lile la kwanza lenyewe, na mtu akimhoji shahidi huyo kwa insafu, pasipo mapenzi kumziba macho, aghalabu atapata jibu lililo jirani na kweli.

Mahali pazuri pa kuyasikiliza mabishano hayo ni Visiga, kata ya Mji wa Kibaha iliyo kando ya Barabara ya Morogoro, mtu akisha kuipita Kibaha yenyewe na kabla hajafika Mlandizi. Wengi wanaijua kwa sababu ya seminari yake. Wengine huiona kwa dirisha la basi tu, mabasi ya bara yakipishana na malori yanayopanda Chalinze, na vijia vya upande wa kusini vikizama katika mikorosho kuelekea Kisarawe. Mpenzi wa masumbwi ana sababu nyingine ya kusimama hapo. Visiga iko njiani baina ya Dar es Salaam na Morogoro, miji miwili iliyotenganishwa na takriban kilomita 190 za lami, na katika miaka hii ya karibuni baadhi ya mahasimu wakubwa wa ngumi za kulipwa nchini wametoka mmoja mwisho huu wa barabara na mwingine mwisho ule. Mkaazi wa Visiga ana ndugu Manzese na ana shemeji Msamvu. Na mtu mwenye jamaa kila upande hulazimika kutoa hoja, maana kelele peke yake hazimsaidii nyumbani wala ugenini.

Katika kijiwe kimoja cha bodaboda hapo, penye muuza kahawa aliyeweka birika lake juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji na kashata juu ya sinia, nyuma yake kikiwapo kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao na turubai la kuzuia jua, kijana mmoja alikuwa akitetea chaguo lake kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Alipomaliza, akamgeukia mzee aliyekuwa akinywa kahawa kimya.

“Shikamoo mzee. Wewe unampa nani?”

“Marahaba mwanangu. Sijampa mtu bado. Kwanza niambie, aliyeshinda pambano la kwanza alishindaje?”

Kijana alijua nani alishinda, alijua tarehe na ukumbi, lakini alipoulizwa ushindi ulikujaje alisita, na wenzake wakaanza kucheka. Nasema pasipo shaka kwamba katika swali lile fupi la mzee imo elimu yote ya utabiri wa marudiano. Hesabu ya nani alishinda huandikwa katika kumbukumbu, na kila mtu huisoma. Namna alivyoshinda ndiyo dalili ya yatakayokuja.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa zamani, nao haujapungua nguvu. Tarehe 19 Juni 1936, huko New York, Max Schmeling wa Ujerumani alimwangusha Joe Louis wa Marekani, kijana ambaye hadi siku ile hakuwa amepoteza pambano hata moja la kulipwa, akammaliza kwa KO katika raundi ya 12. Schmeling hakubahatisha. Alikuwa ameyatazama mapambano ya Louis katika filamu, akagundua kwamba kijana yule kila akisha kutupa konde la kushoto huuteremsha mkono badala ya kuurudisha kulinda taya, na katika nafasi ile ya kufumba na kufumbua hupita konde la kulia. Basi akangoja nafasi ile usiku kucha, na kila ilipofunguka akaitumia. Waliporudiana tarehe 22 Juni 1938, walioutazama ushindi wa kwanza bila ya kuuchambua walikuwa na sababu ya kumpa Schmeling tena; lakini aliyeuliza “alishindaje?” angejua kwamba ushindi ule ulisimama juu ya kosa moja, na kosa moja hutibika. Louis, ambaye wakati huo alikuwa bingwa wa dunia, alilitibu. Hakumpa mpinzani wake muda wa kungoja chochote, akamvamia tangu kengele ya kwanza, na mambo yakaisha katika muda wa dakika 2 na sekunde 4.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza: ushindi uliotokana na kosa moja la mshindwa ni mali ya kuazima, na mwenyewe anaweza kuja kuidai. Ushindi uliotokana na ubora ulioenea katika kila raundi ni milki, na kumnyang'anya mtu milki yake ni kazi nyingine kabisa.

Kwa upande wa milki hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 28 Agosti 2020, Twaha Kassim, mtoto wa Morogoro ambaye mashabiki humwita Twaha Kiduku, alipambana jijini Dar es Salaam na Abdallah Pazi, maarufu kwa jina la Dulla Mbabe, akamshinda kwa pointi. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Agosti 2021, wakarudiana jijini humo humo, na katika wiki zilizotangulia pambano hilo watu wengi walimtabiria Dulla ushindi kwa hoja ya uchungu: kwamba ameaibika, kwamba ana konde zito, kwamba safari hii hatafanya mchezo. Kiduku akashinda tena, na kwa pointi tena. Nani alipaswa kushangaa? Mtu anapomshinda mwenziwe kwa pointi ametoa ushahidi wa raundi nyingi. Ameonyesha kwamba akipewa muda mrefu mizani huelemea kwake. Aliyeshindwa hivyo hatakiwi kusahihisha kosa moja kama Louis, bali kuugeuza mwendo wake wote wa kupigana, na hilo ni jambo ambalo hasira haiwezi kulifanya. Hasira humpa bondia nguvu za raundi mbili. Raundi nyingine zote huzidai pumzi, miguu na akili.

Kanuni ya pili inahusu muda uliopita na yaliyompata kila mmoja ndani ya muda huo. Francis Cheka wa Morogoro na Thomas Mashali wa Dar es Salaam walipigana Mei Mosi ya mwaka 2013, na Cheka akashinda kwa KO katika raundi ya 10. Miezi michache baadaye, Agosti 2013, Cheka akapanda kilele cha maisha yake ya ulingoni kwa kumshinda Mmarekani Phil Williams jijini Dar es Salaam na kutwaa mkanda wa dunia wa WBF. Kwa mtu aliyesoma kurasa hizo mbili tu, marudiano yao ya siku ya Krismasi ya mwaka 2015, tena katika Uwanja wa Jamhuri mjini Morogoro, mbele ya watu wa Cheka mwenyewe, hayakuwa na fumbo. Mashali alishinda kwa pointi.

Wapi walipokosea waliotabiri kinyume? Walimchukua Cheka wa mwaka 2013 wakampandisha ulingoni mwaka 2015. Walisahau kwamba kabla mwaka ule wa fahari haujaisha alikwenda Urusi akapigwa na Fedor Chudinov. Walisahau kwamba mwili wa bondia hauhesabu miaka peke yake bali huhesabu na makonde uliyoyapokea. Na walisahau kwamba Mashali, aliyedumu mpaka raundi ya 10 katika pambano la kwanza, alikuwa amekwisha kujua kwamba mbele ya mtu yule anaweza kusimama. Marehemu Mashali hakuishi sana baada ya usiku ule, kwani aliuawa mwezi Oktoba 2016, na ni haki yake akumbukwe kwa kazi ile aliyoifanya Morogoro, ambayo ni miongoni mwa marudiano yenye mafunzo makubwa kupata kutokea katika ngumi zetu.

Pambano hilo hilo latusaidia pia kuupima msemo wa wahenga kwamba mcheza kwao hutunzwa. Msemo ni wa kweli katika ngoma, na katika ngumi una ukweli wa sehemu: umati humtia moyo bondia wake, na jaji ni mwanadamu, hivyo konde lililopokewa kwa shangwe laweza kuonekana zito kuliko lilivyo. Lakini uenyeji haumwongezei pumzi aliyeishiwa. Mwenye kutabiri na aupe uenyeji uzito wake, asiupe zaidi. Ukitosha kuamua pambano, pambano hilo lilikuwa sawa kwa sawa tangu awali.

Na hapa sharti tuseme neno juu ya majaji, maana wapo mashahidi wanaodanganya. Majaji ni watatu, nao hutoa alama kila raundi: mshindi wa raundi hupata 10 na mwenziwe kwa kawaida 9, na akiangushwa aghalabu hushuka mpaka 8. Raundi iliyoshindwa kwa unywele na raundi iliyoshindwa kwa kishindo bila ya kuanguka huweza kuandikwa sawa sawa, 10 kwa 9, na kwa sababu hiyo karatasi ya jaji si picha kamili ya pambano. Tarehe 13 Machi 1999 Lennox Lewis na Evander Holyfield walitoka sare mjini New York, sare ambayo watu wengi waliiona kuwa dhuluma kwa Lewis. Aliyeifuata karatasi angesema marudiano ni ya mtu yeyote. Aliyeyafuata macho yake alijua nani aliyekuwa bora, na tarehe 13 Novemba mwaka huo huo Lewis alipewa ushindi wake. Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatabiri marudiano litazame upya pambano la kwanza, tena ukipata nafasi litazame sauti ikiwa imezimwa, ili watangazaji na umati wasikuchagulie mshindi.

Kanuni ya tatu ni ya maandalizi, na huonekana kwa macho siku moja kabla ya pambano, wakati wa kupima uzito. Watu wengi huenda pale kusikiliza tambo na kuona mabondia wakisukumana mbele ya kamera. Mimi nashauri mtu autazame mwili. Bondia aliyepungua kwa mazoezi ya miezi husimama juu ya mizani akiwa na ngozi yenye nuru, macho yametulia, mashavu yana uhai. Lakini aliyejikausha kwa siku mbili za mwisho, akajinyima maji na kukimbia na koti zito juani, utamkuta midomo imepasuka, macho yameingia ndani, na akishuka tu mkono wake hutangulia kuitafuta chupa ya maji. Huyo anaweza kuutimiza uzito, lakini raundi za mwisho zitamdai alichokikopa.

Uzito ulitoa hukumu iliyo wazi mwaka 2019. Tarehe 1 Juni, mjini New York, Andy Ruiz alimshangaza kila mtu kwa kumwangusha Anthony Joshua wa Uingereza mara nne na kumshinda kwa TKO katika raundi ya 7. Marudiano yakawekwa tarehe 7 Desemba huko Diriyah, Saudi Arabia. Ruiz alipopanda mizani alikuwa ameongezeka karibu kilo 7 kuliko siku ya ushindi wake, ilhali Joshua alikuwa amepungua kilo 4 na nusu. Mizani ilikuwa imekwisha kusema: mmoja alikuwa ametumia miezi sita kuufurahia ushindi, na mwingine ametumia miezi hiyo hiyo kuutafuta. Joshua alizunguka ulingo usiku mzima kwa miguu myepesi, akashinda kwa pointi.

Barani kwetu pia lilitokea jambo la namna hiyo. Lennox Lewis, huyo huyo tuliyemtaja, alikwenda Afrika Kusini mwezi Aprili 2001 kupigana na Hasim Rahman akiwa amechelewa kufika, kwa kuwa alikuwa na shughuli za filamu, katika sehemu iliyo juu sana ya usawa wa bahari ambako mapafu huhitaji majuma kuzoea; akaangushwa kwa KO katika raundi ya 5. Novemba mwaka huo waliporudiana Las Vegas alimmaliza Rahman katika raundi ya 4. Kushindwa kulikotokana na uzembe wa mtu bora ndiko kushindwa kunakolipizwa kwa urahisi kuliko kwingine kote, kwa sharti moja tu, kwamba mtu yule awe ameukubali uzembe wake. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na bondia anayetoka ulingoni akimlaumu mwamuzi, hali ya hewa na glavu, naye akarudi mazoezini na lawama zile zile, usimpe marudiano hata akiwa na mabavu ya namna gani.

Zimebaki tambo, na hapo hatuwezi kumpita Karim Mandonga, Mtu Kazi, aliyewafanya watu wasiojali ngumi waanze kuzitazama. Mwezi Januari 2023 alikwenda Nairobi akiwa na konde aliloliita Sugunyo, akamshinda Mkenya Daniel Wanyonyi kwa TKO, na Afrika Mashariki nzima ikaimba jina lake. Wakarudiana mwezi Machi mwaka huo huo, Nairobi hapo hapo, na Wanyonyi akashinda kwa pointi. Mandonga ameifanyia ngumi ya Tanzania hisani kubwa, na simnyimi shukrani yake. Lakini tambo ni mali ya kabla ya kengele, humwogofya mpinzani mara ya kwanza, na mara ya pili mpinzani ameshazizoea. Mwenye kutabiri marudiano kwa kuhesabu maneno anahesabu kitu kilichokwisha kutumika.

Sasa nina neno zito zaidi, na nalisema kwa uchungu. Katika vijiwe vya Visiga, kama katika vijiwe vya nchi nzima, utabiri umegeuzwa kuwa mikeka, na kijana aliyeshinda juani na pikipiki ya mkopo huweka hesabu ya siku nzima juu ya jina la mtu ambaye hajawahi kumtazama akipigana raundi tatu. Kampuni za kubashiri hazitoi sadaka. Namba zinazowekwa mbele ya kila bondia zimepangwa ili kampuni ipate faida, na jina lenye mashabiki wengi hulipa kidogo hata kama mwenye jina amechoka. Utabiri ni kazi ya akili na ni starehe ya halali ya mazungumzo. Ukiufunga na ada ya shule ya mtoto huacha kuwa starehe, na akili yenyewe hutoroka, kwa sababu mtu mwenye fedha yake mezani haoni tena kilichopo bali huona anachokitamani.

Tena tusisahau kwamba katika utabiri huu tunazungumza juu ya miili ya watu. Nchi hii ina heshima yake ya kale katika ngumi: Titus Simba alileta medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Michael Yombayomba akaleta dhahabu ya Kuala Lumpur mwaka 1998, na mwaka 2022 huko Birmingham Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe wakapata shaba. Wanaopanda ulingoni leo, wa ridhaa na wa kulipwa, ni warithi wa watu hao, na anayeshindwa katika marudiano hurudi nyumbani na jeraha juu ya jeraha. Kwa hiyo marudiano yasiyo na sababu, yanayopangwa kwa ajili ya viingilio tu baina ya mtu aliyeshinda kwa mbali na mtu ambaye hajapona, yasishangiliwe, na Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania, TPBRC, ina wajibu wa kuyapima kwa jicho la daktari kabla ya jicho la promota.

Kwa muhtasari, hii ndiyo hukumu yangu kwa marudiano yoyote yajayo. Aliyeshinda kwa pointi zilizo wazi, mpe tena, isipokuwa umeona kwa macho kwamba mpinzani wake amebadili mwendo wa kupigana. Aliyeshinda kwa konde moja katika pambano alilokuwa akilipoteza, usimpe. Aliyeshinda kwa sababu mwenziwe alikuja bila ya maandalizi, usimpe, maadamu mwenziwe amekiri na mizani imethibitisha. Ikiwa miaka miwili au zaidi imepita, sahau mikanda, hesabu makonde ambayo kila mmoja ameyapokea tangu hapo, na umpe yule ambaye mwili wake umelipa kodi ndogo. Na ikiwa baada ya hayo yote mizani imesimama sawa, mpe mwenyeji, lakini uweke mkono wako mbali na mfuko.

Kutangulia si kufika, walisema wazee, na katika ngumi neno hilo ni la kweli kwa mshindi na kwa mshindwa pia. Pambano lijalo likitangazwa, msomaji, na ukaulizwa unampa nani, usijibu upesi. Uliza kwanza la kwanza lilishindwaje, na jibu la swali hilo ukilipata, lifuate hata likikupeleka kwa bondia usiyempenda.